Thimlich Ohinga: boma la mawe na waliolitengeneza tena

Sisi wa Kanyaruchinya tunajua kupanga mawe ya volkano kuzunguka parsele bila simenti. Kwa hiyo wapendwa wataelewa upesi habari ya Thimlich Ohinga, boma la kale lililoko Kenya, kaunti ya Migori, upande wa ziwa Victoria.

Boma lenyewe

Ohinga ni neno la Kijaluo, maana yake boma au ngome. Kuta zake zilijengwa yapata karne ya 16. Kimo chake ni mita 1.5 hadi 4.5, unene mita 1 hadi 3, na mawe hayakuunganishwa kwa udongo wala chokaa. Wajenzi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha wakazishikanisha kwa mawe ya katikati. Milango ni mifupi: anayeingia sharti ainame. Ndani walilindwa watu pamoja na mifugo yao.

Kazi ya mchimbaji

Mwanaakiolojia Isaya Onjala ni mmoja wa waliochunguza boma hili na mengine ya eneo hilo. Mwanaakiolojia hatafuti dhahabu. Hupima kiwanja kwa kamba, huondoa udongo tabaka kwa tabaka, huuchekecha, na kuandika kila kitu kilikutwa wapi. Kitu kilichong'olewa ovyo hupoteza ushuhuda wake. Thimlich palikutwa vigae vya vyungu, mifupa ya wanyama, shanga za kioo na alama za ufuaji chuma. Shanga hizo zilitoka mbali. Basi ukuta haukuwatenga wenyeji na majirani zao.

Kwa nini limedumu

Waliojenga kwanza walihama. Jamii nyingine zikaja, zikatengeneza palipobomoka, zikaishi humo mpaka karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO ililiandika kuwa urithi wa dunia.

Hapo ndipo somo letu. Mwishoni mwa 2022 maelfu ya ndugu waliokimbia vita huko Rutshuru walijenga vibanda vyao Kanyaruchinya, juu ya mawe haya haya. Ukuta wa Thimlich haukusimama kwa nguvu za wajenzi wa kwanza peke yao. Aliyefika baadaye alipewa nafasi, naye akainua jiwe lililoanguka. Tusome Isaya 58:12, kisha tujiulize katika kila parokia: mgeni wetu tumempa hema tu, au tumempa pia mahali pa kujenga pamoja nasi?