Tone la Oili

Waendeshaji wa pikipiki za zamani za Kiingereza walikuwa na mzaha wao: pikipiki ikiacha kuvuja oili, ujue oili imekwisha. Mzaha huo nimeusikia mara nyingi, na kila niusikiapo hujiuliza: kiwanda kitadumu vipi ikiwa wateja wake wameuzoea ubovu hata wakaufanyia dhihaka? Jibu limo katika historia, lakini kwanza yafaa tuifahamu injini yenyewe.

Mwaka 1937 mhandisi Edward Turner wa kampuni ya Triumph alitoa Speed Twin, pikipiki ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Ilikuwa nyepesi, yenye nguvu na ya kupendeza macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili, BSA na Norton nao wakafuata mtindo huo, na pikipiki hizo zikauzwa kwa wingi ng'ambo, hasa Marekani.

Kasha la injini hizo lilikuwa na vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vilivyofungwa pamoja kwa boliti. Kwa hiyo ungio lilishuka hadi chini kabisa, mahali oili inapotuama. Juu yake palikuwa na maungio mengine mengi: ya silinda, ya vifuniko vya vali na ya mirija inayopitisha fito za kusukumia vali. Tena, pistoni zote mbili zilipanda na kushuka kwa pamoja. Zinaposhuka, hewa iliyo chini yake hubanwa. Isipopata njia ya kutokea, huisukuma oili nje kupitia popote penye udhaifu.

Katika miaka ya 1970, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, nilinunua pikipiki kuukuu ya aina hiyo. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameipaka gundi ya gasketi tabaka juu ya tabaka, na bado ilivuja. Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee. Aliiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akasema, "Mwalimu, kesho niletee chaki."

Nilipomletea, alizisaga, akainyunyizia injini unga wake, halafu akaiwasha. Baada ya muda unga ulibaki mweupe kote isipokuwa mahali pawili, palipoanza kulowa.

"Mwizi tumemwona," alisema. "Lakini huyu katumwa. Injini yako inakosa pumzi, Mwalimu."

Bomba la kupumulia lilikuwa limezibwa na matope na oili iliyoganda. Alilizibua hilo kwanza. Ndipo akafungua maungio, akakwangua gundi ya zamani, akasugua nyuso za vifuniko juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo mpaka zikawa sawa. Akaweka gasketi mpya, akakaza boliti kidogo kidogo, akivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Alinieleza pia kwamba oili ya injini hizo hukaa katika tangi la pembeni. Pikipiki ikisimama majuma mengi, oili huweza kupenya pampu na kujaa chini ya kasha, nawe ukiwasha ikafurika. Hapo dawa si kukaza boliti. Ni kuitoa oili iliyozidi kabla ya kuwasha, na kuikagua vali ndogo inayopaswa kuizuia.

Tangu hapo nilizoea kuwasimulia wanachuo wangu habari za fundi yule. Mwalimu naye asafishe kwanza, atazame, aulize sababu, ndipo atengeneze.

Sasa turudi Uingereza. Mwaka 1959 Honda walikwenda kushindana kisiwani Man kwa mara ya kwanza. Mwaka 1960 Turner mwenyewe alizuru viwanda vya Japani, akarudi na taarifa ya kuwatahadharisha wenzake. Mwaka 1969 ikatokea Honda CB750, yenye silinda nne, ya kuwashwa kwa swichi, na kasha lake limekatwa kwa ulalo, si kwa wima.

Wako wasemao kuwa siri yote ilikuwa katika mkato huo. Mimi sikubali. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikatwa kwa wima kama zile za Kiingereza, wala haikupata sifa ya kuvuja. Mkato wa ulalo ulisaidia, lakini lililokuwa kubwa zaidi ni usahihi wa kuchonga nyuso zinazokutana, na hilo lilihitaji mashine mpya. Katika viwanda vya Uingereza mashine nyingi zilikuwa zimechakaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukuta ukaja. Mwaka 1973 kundi la BSA, lililokuwa limeinunua Triumph mwaka 1951, lilianguka. Ilipotangazwa kwamba kiwanda cha Triumph cha Meriden kitafungwa, wafanyakazi walikikalia, na mwaka 1975 wakaanza kukiendesha kwa ushirika. Sisi huku tulikuwa katikati ya siasa ya Ujamaa, nami niliwatakia heri kwa moyo wote. Ushirika huo ulidumu hadi mwaka 1983. Triumph mpya ilianza kutengeneza pikipiki mwaka 1991 huko Hinckley, kwa injini zilizobuniwa upya.

Wafanyakazi wa Meriden hawakuwa wavivu wala wajinga. Walirithi michoro na mashine ambazo wakubwa walichelewa mno kuzibadilisha, na wao ndio waliopoteza ajira. Kwa sababu hiyo mzaha ule haunichekeshi sana siku hizi.

Msomaji wangu, ukikuta tone la oili chini ya pikipiki yako asubuhi, usiridhike na kuweka kopo la kulikinga. Ioshe injini, kisha utafute chaki.