Neno Akili na Jani la Muhogo

Istilahi nyingi huingia katika lugha zikifuata kitu; hii ilikitangulia kitu chake. John McCarthy na wenzake watatu, walipoandika mwaka 1955 pendekezo la mkutano uliofanyika Dartmouth, Marekani, mwaka 1956, waliipa fani yao jina la akili kabla hawajawa na mashine yo yote ya kustahili jina hilo. Jina lilikuwa dai. Nasi tumelipokea dai pamoja na jina, na leo twaandika akili bandia, akili mnemba na akili unde, kila mwandishi kwa hiari yake. Kabla ya kuuliza iwapo mashine hizo zaweza kulingana na akili ya binadamu, yafaa tutazame kitu wanachokijua vema watu wa Mwanza, yaani muhogo.

Ukerewe na Sengerema muhogo ndio udaga, na udaga ndio ugali. Katika miaka ya 1990 batobato kali, iliyotokea Uganda, iliingia kanda ya Ziwa Victoria. Baadaye ikaja michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao H. H. Storey alikwisha kuueleza akiwa Amani, Usambara, mwaka 1936, na ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa nyanda za chini tu. Watafiti wa Ukiriguru, kusini mwa mji wa Mwanza, wamekuwa wakitafuta mbegu zinazostahimili.

Ndipo ikatokea programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotungwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya IITA. Mkulima huielekeza simu kwenye jani, nayo hutaja ugonjwa. Ilitanguliwa na kazi nyingine. Mwaka 2017 mashine ilifundishwa kwa picha 2,756 za mashamba ya pwani ya Tanzania, ikapata asilimia 93 katika picha ilizotahiniwa. Shambani mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2020, Nuru ilipata asilimia 65, mabwana shamba 40 hadi 58, na wakulima 18 hadi 31. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilifikia 74 hadi 88.

Asomaye tarakimu hizi juu juu atasema mashine imempita mkulima. Katika kusoma jani, imempita kweli, na msaada huo si mdogo kwa kaya inayotegemea shamba moja. Lakini kilichopimwa ni jani. Michirizi ya kahawia mara nyingi hujificha: majani huonekana mazima, kumbe mizizi imekwisha kuoza ndani. Mama amenyaye muhogo hulijua hilo kwa kisu. Hukumbuka pia kwamba vipando vya msimu ule vilitoka kwa shemeji yake kisiwani, na vipando ndivyo vibebavyo maradhi. Nuru haichimbi wala haina shemeji. Hata mashine za siku hizi zinazotunga insha kwa Kiswahili hazijapata kukaa na njaa ya mavuno yaliyoharibika. Husema juu yake kwa maneno ya waliokaa nayo.

Turudi kwenye istilahi. Bandia twaikataa, kwa kuwa fedha bandia hudanganya, na Nuru hailaghai mtu. Mnemba kwa wengi ni kisiwa kilicho karibu na Unguja. Unde yatupendeza: imetoka katika kuunda, kitenzi cha waunzi wa majahazi, ambacho kimekwisha kutupatia maunzi ya kompyuta. Tatizo letu ni akili. Neno hili, kwa asili yake ya Kiarabu, lina shina moja na kamba ya kumfungia ngamia. Na mpaka leo mwenye akili kwetu ni yule pia ajuaye kujizuia, aulizaye kabla ya kutamka. Kwa hiyo twapendekeza akili unde ibaki kuwa jina la fani nzima, lililokwisha kuenea, na mashine za namna ya Nuru ziitwe utambuzi unde.