Simu Ina Spika, Maktaba Haina Sauti

Programu iliyohamishwa kutoka kompyuta hadi simu ya Android ikikosa sauti na kudai kwamba hakuna kiendeshi, wengi huanza kuishuku simu. Historia inaonyesha kwamba wa kuhojiwa kwanza ni maktaba ya programu. Zama za DOS, mchezo wa kompyuta uliwasiliana moja kwa moja na kadi kama Sound Blaster, iliyotoka mwaka 1989, na mtunzi alilazimika kuandaa msimbo kwa kila aina ya kadi. Maktaba kama SDL, iliyoanzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998, ziliupunguza mzigo huo: mtunzi hutoa amri moja, nayo maktaba hutafuta kiendeshi kinachofaa katika orodha yake. Lakini orodha hiyo hupangwa maktaba inapoundwa. Kilichosahauliwa wakati huo hakitapatikana baadaye, hata spika iwe nzima kiasi gani.

Android ilipoingia sokoni mwaka 2008 ilikuwa na kiini cha Linux, hivyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba ALSA, mfumo wa sauti uliozoeleka kwenye kompyuta za Linux, ingetosha. Haikutosha, kwa kuwa programu za kawaida haziruhusiwi kugusa kifaa cha sauti. Hupitia huduma ya AudioFlinger. Mwanzoni njia rasmi ilikuwa ya Java. OpenSL ES, njia ya waandishi wa lugha ya C, ilikuja na toleo la 2.3 mwishoni mwa 2010, na AAudio ikaja na toleo la 8.0 mwaka 2017. Maktaba inayoijua ALSA pekee hubaki bubu, na iliyofungamanishwa moja kwa moja na AAudio haipakiki kwenye simu za kabla ya hapo.

Yupo atakayesema kwamba kizuizi hicho cha kugusa kifaa cha sauti ndicho chanzo cha matatizo. Lakini simu hupiga muziki, huamsha na huita kwa wakati mmoja. Pasipo mchanganyaji wa sauti kama AudioFlinger, programu moja ingeihodhi spika. Mwingine atasema mifumo ya sauti ya Android yenyewe ina kasoro. Ni kweli, ila hata hizo zimetibiwa ndani ya maktaba: Oboe ya Google, iliyotolewa mwaka 2018, huikwepa AAudio kwenye toleo la 8.0 na kurudi OpenSL ES. Kwa hiyo, ikiwa programu nyingine zinasikika kwenye simu ileile, kagua kwanza viendeshi vilivyotiwa kwenye maktaba, kisha toleo la Android. Fundi wa spika aitwe mwisho.