Mtu wa Kati katika Mstari wa Mbele

Katika mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, kuna watu watano ambao jasho lao haliandikwi katika hesabu ya pointi. Hujipanga mbele ya wenzao, bega kwa bega, ana kwa ana na wapinzani. Mmoja husimama katikati. Huyu ndiye aupelekaye mpira nyuma kupitia baina ya miguu yake, na mchezo hauanzi mpaka aupeleke. Kulia na kushoto kwake huwapo walinzi wawili, na nje ya walinzi huwapo wakabaji wawili. Kwa kawaida sheria haziwaruhusu watano hawa kupokea mpira uliorushwa mbele. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani ili mwenzao mwenye mpira apate njia au nafasi. Wakifaulu, husifiwa aliyekimbia. Wakishindwa, hulaumiwa wao.

Kwa sababu hiyo, kuwachagua watu wa mstari ni kazi ngumu kuliko kuwachagua wakimbiaji. Mkimbiaji huhesabiwa yadi zake, lakini aliyemfungulia njia hana hesabu ya namna hiyo. Mwalimu wa timu humtazama katika mazoezi ya Agosti, kabla msimu haujafunguliwa, akimpambanisha mtu na mtu. Huitazama filamu tena na tena, akampa kila mmoja alama kwa kila tendo. Hatimaye hukabiliwa na swali lisilo na jibu rahisi: awaweke walio bora mmoja mmoja, au awaweke watano wanaoelewana? Kamba hukatikia pabovu, na nguvu za wanne huweza kupotea kwa kosa la mmoja. Ingefikiriwa basi kwamba uchaguzi huu ungekuwa mbali na upendeleo kuliko wote, kwani asukumwaye huonekana amesukumwa, awe mtoto wa nani. Lakini historia ya vyuo vya Marekani yaonyesha kwamba macho ya mwalimu yalikuwa shahidi mmoja tu kati ya wengi, na aghalabu ushahidi wake haukusikilizwa.

William Henry Lewis alizaliwa mwaka wa 1868 katika mji wa Berkley, Virginia, kwa wazazi waliokuwa wametoka utumwani. Katika chuo cha Amherst alikuwa nahodha wa timu mwaka wa 1891, kisha akaenda Harvard kusomea sheria. Huko alicheza nafasi ya kati katika miaka ya 1892 na 1893, na katika miaka yote miwili aliingizwa katika orodha ya wachezaji bora wa nchi nzima, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Uzito wake ulikuwa ratili 175 hivi, ambapo watu wa mstari wa siku hizi aghalabu hupita ratili 300. Hakuchaguliwa basi kwa ukubwa wa mwili, bali kwa wepesi na kwa akili yake. Mwaka wa 1896 alitoa kitabu cha kufundishia mchezo huo, akawa miongoni mwa walimu wa timu ya Harvard, na mwaka wa 1911 akawa msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Kwa hiyo jambo lilikwisha kuthibitika tangu mwanzo: Mtu Mweusi aliweza kusimama katikati ya mstari, akaufundisha mchezo kwa ulimi na kwa kalamu.

Uthibitisho huo haukuwafaa sana waliomfuata. Mwaka wa 1915 Paul Robeson aliingia chuo cha Rutgers, katika jimbo la New Jersey. Alikuwa yeye ambaye baadaye sauti yake ilijulikana duniani, na ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili huko London. Alipojaribiwa kwa nafasi ya ncha ya mstari, wenzake walimvunja pua, na mara nyingine mmoja akamkanyaga mkono kwa viatu vya njumu. Robeson alisimulia kwamba aliinuka kwa hasira, akamnyanyua mchezaji mmoja juu ya kichwa chake, na mwalimu wa timu akamtangaza papo hapo kuwa amechaguliwa. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1916, Rutgers ilipokuwa ikiadhimisha miaka 150 tangu kuanzishwa, ilikuja timu ya chuo cha Washington and Lee kutoka Virginia. Wageni hao walikataa kucheza na Mtu Mweusi. Robeson aliachwa nje, na timu zikatoka sare 13 kwa 13. Siku ile mstari wa Rutgers ulichaguliwa na wapinzani wake. Miaka miwili baadaye, Walter Camp, ambaye orodha zake ziliheshimiwa kuliko zote, alimtaja Robeson miongoni mwa wachezaji bora wa nchi.

Katika jimbo la Iowa walikuwapo wakabaji wawili ambao bahati zao zilitofautiana sana. Fred Slater, aliyeitwa Duke, alichezea Chuo Kikuu cha Iowa toka 1918 hadi 1921. Tarehe 8 Oktoba 1921 chuo chake kiliishinda Notre Dame kwa pointi 10 kwa 7, timu ambayo ilikuwa haijashindwa katika michezo ishirini. Picha ya siku hiyo yamwonyesha Slater akiwasukuma wapinzani bila kofia kichwani. Baadaye alisomea sheria, na mwaka wa 1948 akachaguliwa kuwa hakimu mjini Chicago. Jack Trice wa chuo cha Iowa State hakupata umri wa kuchagua kazi. Usiku wa kuamkia mchezo wake dhidi ya Minnesota aliandika barua akijiambia kwamba heshima ya watu wake, ya jamaa zake na ya nafsi yake ilikuwa mashakani, na kwamba kila mtu alimtazamia mambo makubwa. Tarehe 6 Oktoba 1923 aliumizwa uwanjani. Siku mbili baadaye alifariki, akiwa na miaka 21. Uwanja wa chuo hicho umeitwa kwa jina lake tangu 1997. Barua yake yaeleza jambo ambalo alama za mwalimu haziwezi kulipima: wenzake walibeba mzigo wa nafasi moja, naye alibeba nafasi hiyo pamoja na mzigo wa taifa zima la watu.

Wakati huo mchezaji aliyeshambulia ndiye pia aliyezuia. Sheria za kubadilisha wachezaji zililegezwa mwaka wa 1941, zikakazwa tena 1953, zikafunguliwa 1965. Tangu hapo mstari wa mashambulizi ukawa kikosi chenye watu wake wenyewe, na cheo cha mtu wa kati kikadhihirika zaidi. Yeye hutazama jinsi wapinzani walivyojipanga, akawaambia wenzake nani amzuie nani. Na hapo ndipo ubaguzi ulipobadili vazi. Mwaka wa 1970 wataalamu wawili, John Loy na Joseph McElvogue, walitoa utafiti kuhusu timu za kulipwa, wakaonyesha kwamba Weusi walikuwa wachache mno katika nafasi za kati, zile zilizodhaniwa kuhitaji akili na uongozi. Lango halikufungwa tena mbele ya uwanja. Lilifungwa ndani yake. Nafasi aliyoicheza Lewis kwa sifa, miaka karibu themanini nyuma, ilikuwa imekuwa nafasi ambayo wajukuu zake hawakudhaniwa kuiweza.

Huko kusini lango la nje lenyewe lilichelewa kufunguka. Chuo Kikuu cha Alabama kiliandikisha wanafunzi Weusi mwaka wa 1963 huku gavana wa jimbo akisimama mlangoni kuwazuia, na Mweusi wa kwanza kuingia uwanjani katika timu yake kuu ya mpira, John Mitchell, alicheza mwaka wa 1971. Lakini mwaka wa 1977 mwalimu wa timu hiyo, Paul Bryant, alimweka katikati ya mstari kijana Mweusi, Dwight Stephenson. Alabama ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka wa 1978 na tena 1979. Stephenson alikuwa amekulia Hampton, Virginia, ng'ambo ya maji kutoka Berkley alikozaliwa Lewis. Masafa kati ya miji hiyo miwili ni mafupi. Safari kutoka kwa mtu wa kati mmoja hadi mwingine ilichukua miaka themanini na zaidi.

Miaka hiyo haikupotea kwa kukosekana watu. Watu walikuwapo, na mazoezi yaliwadhihirisha. Mwalimu achaguaye mstari hutoa hukumu, na hukumu yake ni ya haki kadiri anavyokubali kuamini alichokiona. Walimu wengi waliona vizuri, lakini walingoja ruhusa ya kuamini macho yao.