Thomas Cook na Mwanzo wa Uwakala wa Safari

Yamkini, msomaji, umekwisha kupita mbele ya afisi ya wakala wa safari katika mji wa Nairobi au Mombasa, ukaona picha za meli, ndege na milima zimebandikwa dirishani. Ndani pana meza, viti, na mtu mwenye karatasi mbele yake. Meli si yake, ndege si yake, wala milima si yake. Anauza nini basi? Kabla hujaitamani kazi hiyo, au kabla hujaidharau, yafaa umjue mtu mmoja aliyeiingia bila ya mtaji na bila ya mwalimu.

Thomas Cook alizaliwa tarehe 22 Novemba, 1808, katika mji mdogo wa Melbourne, jimbo la Derbyshire, nchini Uingereza. Baba yake alifariki yeye akali mtoto mdogo. Alipotimia umri wa miaka kumi aliacha shule, akaenda kufanya kazi katika bustani ya mboga kwa ujira wa peni moja kwa siku. Baadaye alijifunza useremala. Kisha akawa mhubiri wa Kibatisti, akizunguka kijiji hata kijiji. Alikuwa na desturi ya kuandika hesabu ya mwendo wake, na katika mwaka 1829 alihesabu maili 2,692, ambazo katika hizo maili 2,106 alizikwenda kwa miguu. Mtu aliyetembea kiasi hicho hahitaji kuelezwa faida ya gari.

Tarehe 9 Juni, 1841, alikuwa njiani tena kwa miguu, akitoka Market Harborough kwenda Leicester, mwendo wa maili zipatazo 15, kuhudhuria mkutano wa chama cha kupinga ulevi. Siku zile pombe iliwaharibu wafanya kazi wengi wa Uingereza, na Cook alikuwa ameapa kutoigusa. Njiani wazo lilimjia: reli mpya ingefaa nini zaidi ya kuwachukua watu wengi pamoja, kwa bei ndogo, kwenda kwenye mkutano kama ule? Alilitoa wazo hilo mkutanoni, likakubaliwa, naye akaenda kuonana na karani mkuu wa kampuni ya reli. Tarehe 5 Julai, 1841, watu wapatao 500 walipanda gari la moshi Leicester, wakaenda Loughborough na kurudi, kila mmoja kwa shilingi moja. Walikaa katika mabehewa yasiyo na mapaa, na wapiga muziki walikuwa pamoja nao.

Usidhani kuwa yeye ndiye wa kwanza kabisa kupata gari la namna hiyo. Makampuni ya reli yalikuwa yamekwisha kuendesha magari ya matembezi kabla yake. Jambo lililokuwa geni kwa Cook ni kwamba alisimama katikati: hakuwa mwenye gari, wala hakuwa abiria tu. Upande mmoja aliwaahidi wenye reli kuwa mabehewa yatajaa; upande wa pili aliwaahidi abiria kuwa watafika na kurudi. Kwa miaka michache iliyofuata aliipanga misafara ya vyama vya kupinga ulevi na ya shule za Jumapili bila ya kupata faida ya kutajika, na riziki yake ilitoka katika kazi ya kupiga chapa.

Mwaka 1845 ndipo alipoifanya kazi hii kwa ajili ya faida. Aliandaa msafara wa kwenda Liverpool, na kutoka hapo kwenda Wales. Tazama jinsi alivyoanza. Alikwenda yeye mwenyewe kwanza, akaipita njia yote, akaingia katika nyumba za wageni, akauliza bei, akatazama vyumba. Aliporudi alipiga chapa kitabu kidogo cha kuwaongoza abiria, ndipo akatangaza tikiti. Msomaji, lishike jambo hili, maana wengi husahau: wakala aliona kwa macho yake kabla ya kuuza kwa mdomo wake.

Hata hivyo kuona peke yake hakutoshi. Katika mwaka 1846 aliwapeleka watu Uskoti. Walitoka Leicester kwa gari la moshi hadi Fleetwood, wakapanda meli mpaka Ardrossan, wakashika gari jingine kwenda Glasgow. Chai waliyoahidiwa njiani haikuwako. Katika meli vyumba vya kulala havikuwatosha, na wengi walikesha juu ya sitaha wakilowa kwa mvua. Kweli, Glasgow iliwapokea kwa muziki na kwa mizinga; lakini mtu aliyelala na nguo mbichi hasahau upesi kwa kupigiwa muziki. Nao wamlaumu nani? Nahodha hawamjui. Mwenye stesheni hawamjui. Wanamjua Cook, kwa kuwa ndiye aliyezipokea fedha zao. Hapa ndipo utakapoona uzito wa kazi hii: wakala hubeba lawama ya vitu vyote asivyovimiliki. Katika mwaka huohuo Cook alifilisika.

Umri wake ulikuwa miaka 37, naye alikuwa na mke na watoto. Angaliweza kurudi katika kupiga chapa tu, wala pasingalikuwapo mtu wa kumcheka. Lakini alirudi Uskoti mwaka uliofuata, na miaka mingine baada ya huo, hata akawa anapeleka huko maelfu ya wageni.

Mwaka 1851 yalifanyika London Maonyesho Makuu, katika jumba la vioo, na Cook akachukua kazi ya kuwafikisha huko watu wa majimbo ya kati. Wafanya kazi wa viwandani walijiunga katika vyama, wakaweka akiba kidogo kidogo kila juma mpaka nauli ikatimia. Kijana wake, John Mason, aliyekuwa na miaka 17, alizunguka mitaani pamoja na wapiga muziki akiwaita watu. Kampuni mbili za reli zilishindana, na nauli ya kwenda na kurudi ikashuka kutoka shilingi 15 hadi shilingi 5. Cook aliwafikisha London watu wapatao 150,000. Wengi wao hawakupata kuuona mji huo kabla ya hapo.

Kisha likaja pigo la namna nyingine. Mwaka 1862 makampuni ya reli ya Uskoti yalikataa kumpa tikiti tena. Kwa nini wamgawie faida, ikiwa abiria wamekwisha kuijua njia? Kazi ya miaka kumi na sita ikakatika. Mimi naona kuwa makampuni yale yalikuwa na haki kwa sheria, wala sioni kuwa yalikuwa na shukrani. Lakini ndivyo ilivyo hali ya mtu anayefanya biashara kwa mali ya mwenziwe: siku mwenye mali akipenda, mlango hufungwa. Cook hakukaa mlangoni kuulilia. Mwaka 1863 aliongoza msafara wake wa kwanza kwenda Uswisi.

Mafanikio hayo yalimpatia adui. Mwaka 1865 Charles Lever, mwandishi aliyekuwa pia balozi mdogo wa Uingereza huko Italia, alichapisha maneno ya dhihaka, akidai kuwa wageni wa Cook walikuwa wahalifu waliokataliwa na Australia, na kuwa sasa Uingereza inawatawanya katika miji ya Italia. Aliandika kwa mzaha, ila mzaha wa namna hiyo huweza kumfunga mtu duka. Cook alijibu kwa kalamu, akawatetea abiria wake: walimu, makasisi, madaktari, na wanawake waliothubutu kusafiri pasipo kaka wala mume, kwa sababu palikuwa na mtu wa kutegemewa mbele yao. Nadhani kisa halisi cha hasira ya Lever kilikuwa kwamba njia za mabwana zilikuwa zimeanza kupitwa na watu wa kawaida.

Mwaka 1868 Cook alianza kuuza hati za hoteli. Msafiri alilipa Uingereza, akapewa vipande vya karatasi. Alipofika ugenini alitoa kipande, akapata kitanda na chakula, na mwenye hoteli akakipeleka kwa Cook kulipwa. Fikiri, msomaji, karatasi ile ilikuwa na thamani gani. Haikuwa noti ya serikali. Mwenye hoteli katika mji wa mbali, ambaye lugha yake si ya Cook, aliipokea kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa kipande kilichotangulia kilikuwa kimelipwa. Mtu aliyefilisika mwaka 1846 sasa jina lake lilikubaliwa kama fedha.

Mengine yalifuata upesi: Misri na Palestina mwaka 1869, safari ya kuizunguka dunia kwa siku 222, iliyoanza mwaka 1872. Kijana wake aliingia ubia, wakagombana, maana baba alipenda kuwatumikia watu na mwana alipenda hesabu zitimie. Mzee alijitenga na biashara, akawa kipofu, akafariki tarehe 18 Julai, 1892.

Kampuni yenye jina lake ilitoka mikononi mwa jamaa yake mwaka 1928. Iliishi muda mrefu baadaye, ikawa na ndege zake na hoteli zake, na madeni makubwa pia. Tarehe 23 Septemba, 2019, ilianguka usiku mmoja, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000 waliokuwa wamekwama ugenini, hesabu ileile ya watu aliowafikisha Cook London mwaka 1851. Katika Leicester, nje ya stesheni ya reli, sanamu yake ingali imesimama na mzigo wake wa safari na mwavuli. Mkononi ameshika saa.