Chambo kisicholiwa

Mvuvi wa pwani akisema chambo, anakusudia kitu cha kuliwa: kipande cha ngisi, dagaa, kamba. Kwenye Mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare, ambako trauti kutoka Uskoti walipandikizwa mwaka 1905, chambo ni unyoya wa jogoo uliozungushwa na kufungwa kwa uzi kwenye ndoana, ukafanana na mdudu aliyetua majini. Hakiliki hata kidogo. Ni chambo bado? Nasema ndiyo, tena bila kusita: neno hili limebeba hila zaidi kuliko chakula, ndiyo maana hata mtu hutumiwa kama chambo. Ila ukifika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, chambo ndiye samaki mwenyewe, jamii ya perege, mtamu kweli kwa ugali.