Lenzi za zamani za pembe pana

Lenzi za zamani za pembe pana ni lenzi za kamera zilizotengenezwa wakati wa filamu, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo huona eneo pana kuliko lenzi ya kawaida. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ina urefu wa fokasi wa takriban milimita 50. Lenzi ya pembe pana ina milimita 35 au pungufu. Hutumiwa sana kupiga picha za mandhari, yaani picha za milima, mabonde, misitu, pwani na anga.

Nyingi kati ya lenzi hizo hazitengenezwi tena, kwa hiyo hununuliwa zikiwa zimeshatumika. Uteuzi wake unahitaji uangalifu kwa sababu kasoro nyingi za lenzi hazionekani siku ya kununua wala siku ya kupiga picha. Huonekana baada ya filamu kusafishwa, na wakati huo safari imekwisha na mwanga wa siku ile haurudi tena. Kwa kazi ya mandhari, mambo matatu ndiyo yenye uzito: pembe inayofaa, kifungio kinacholingana na kamera, na hali ya lenzi yenyewe. Jina la kampuni na ukubwa wa tundu huja baada ya hayo.

## Pembe na urefu wa fokasi

Picha moja ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Kadiri urefu wa fokasi unavyopungua, ndivyo lenzi inavyoingiza eneo kubwa zaidi ndani ya picha hiyo. Jedwali lifuatalo linaonyesha pembe ya kila lenzi ikipimwa kutoka kona hadi kona ya picha. Linaonyesha pia umbali wa kulenga ambao, tundu likiwa f/11, hufanya vitu viwe vikali kuanzia karibu hadi upeo wa macho.

| Urefu wa fokasi | Pembe | Umbali wa kulenga (f/11) | Ukali huanzia |
|---|---|---|---|
| mm 50 | 47° | m 7.6 | m 3.8 |
| mm 35 | 63° | m 3.7 | m 1.9 |
| mm 28 | 75° | m 2.4 | m 1.2 |
| mm 24 | 84° | m 1.8 | m 0.9 |
| mm 20 | 94° | m 1.2 | m 0.6 |

Hesabu hizo huchukulia kwamba doa la milimita 0.03 kwenye filamu bado huonekana kama nukta. Kwa picha zitakazochapishwa kwa ukubwa, ni salama zaidi kufunga tundu hatua moja zaidi bila kubadilisha umbali wa kulenga. Lenzi nyingi za zamani zina alama za kukadiria eneo hilo la ukali zilizochongwa kando ya pete ya kulengea. Alama hizo ni msaada mkubwa kwa mpiga picha wa mandhari, na katika lenzi nyingi za kisasa zimeondolewa.

Pembe pana zaidi si bora zaidi kila mara, kwa kuwa lenzi hiyo hupunguza ukubwa wa vitu vya mbali. Mfano ni Mlima Kilimanjaro ukitazamwa kutoka tambarare za Amboseli nchini Kenya, takriban kilomita 50 kutoka kilele cha Kibo. Kilele hicho chenye mita 5,895 kiko karibu mita 4,700 juu ya tambarare hizo. Kwa lenzi ya milimita 50, kimo hicho huchukua karibu milimita 5 kwenye filamu. Kwa lenzi ya milimita 24 huchukua milimita 2 na kitu tu, na sehemu kubwa ya picha hubaki anga na nyasi. Kwa sababu hiyo, lenzi ya pembe pana hufaa zaidi pale ambapo kuna kitu cha kuvutia karibu na kamera, kama vile jiwe, mti, maji au njia, cha kuongoza jicho hadi mbali.

Kwa anayeanza, milimita 28 hutosha kwa kazi nyingi. Milimita 24 na 20 huhitaji mazoezi, kwa sababu kamera ikiinamishwa kidogo tu, miti na kuta huonekana kama zinaanguka.

Katika kamera za filamu kubwa namba hubadilika. Kwa filamu ya sentimita 6 kwa 6, lenzi ya milimita 50 ina pembe ya takriban 75°. Kwa filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 90 ina takriban 80°.

## Historia

Miongoni mwa lenzi za mwanzo za pembe pana ni Globe, iliyobuniwa Marekani na Charles Harrison na Joseph Schnitzer mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mwaka 1900 Emil von Höegh wa kampuni ya Goerz nchini Ujerumani alibuni Hypergon, iliyofikia pembe ya takriban 135°. Katikati ya picha zake palipata mwanga mwingi mno kuliko pembeni. Kwa hiyo ilifungwa kinyota kidogo kilichozungushwa mbele ya kioo ili kuzuia sehemu ya mwanga wa katikati. Katika miaka ya 1930 Robert Richter wa Carl Zeiss alibuni Topogon, iliyotumika sana kupiga picha za ramani kutoka angani.

Lenzi hizo zilikuwa na vioo vinavyokaribia kulingana mbele na nyuma ya tundu. Muundo huo hunyoosha mistari vizuri, lakini kioo cha mwisho hukaa karibu sana na filamu. Kamera aina ya SLR ina kioo cha kuakisi kinachopanda na kushuka mbele ya filamu, hivyo lenzi ya namna hiyo haikupata nafasi. Suluhisho lilikuwa kuweka mbele kundi la vioo vinavyotawanya mwanga, ili lenzi yenye urefu mfupi wa fokasi iweze kukaa mbali na filamu. Mwaka 1950 Pierre Angénieux wa Ufaransa alitoa lenzi ya milimita 35 ya muundo huo kwa jina la Retrofocus, na jina hilo likawa jina la aina nzima. Flektogon za Carl Zeiss Jena, katika Ujerumani Mashariki, zilifuata njia hiyohiyo.

Muundo wa zamani haukufa. Biogon za Ludwig Bertele ziliendelea kutumika katika kamera zisizo na kioo cha kuakisi, ikiwemo kamera ya pembe pana ya Hasselblad iliyotoka mwaka 1954 na lenzi ya milimita 38. Kwa upande wa SLR, Nikon ilitoa mwaka 1967 lenzi ya milimita 24 f/2.8 yenye kundi la vioo linalosogea lenyewe wakati wa kulenga vitu vya karibu. Njia hiyo ilipunguza udhaifu mkubwa wa lenzi za Retrofocus, yaani kupoteza ukali kwa vitu vilivyo karibu.

## Tundu na ukali

Matangazo na bei za lenzi husifu tundu kubwa, kama f/2. Picha za mandhari kwa kawaida hupigwa kwa f/8 hadi f/16, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Kundi la wapiga picha lililoanzishwa San Francisco mwaka 1932, ambalo Ansel Adams alikuwa mmoja wao, lilijiita f/64, kwa jina la tundu dogo la kamera kubwa za wakati huo.

Katika matundu hayo madogo, lenzi nzuri ya f/3.5 na ile ya f/2 hukaribiana sana kwa ukali, ilhali ya f/3.5 huwa nyepesi, ndogo na ya bei nafuu. Faida inayobaki kwa tundu kubwa ni mwangaza katika dirisha la kutazamia: f/2.8 huingiza mwanga mara mbili ya f/4, jambo linalosaidia kulenga alfajiri na jioni.

Kufunga tundu kupita kiasi nako kuna hasara. Kwa filamu ya milimita 35, baada ya f/16 mwanga unaopita kwenye tundu dogo husambaa na kupunguza ukali wa picha yote.

Kona za picha hupata mwanga pungufu kuliko katikati, hasa kwa lenzi zinazolingana mbele na nyuma. Kwa pembe ya 90°, lenzi rahisi ya aina hiyo huweza kupeleka konani robo tu ya mwanga wa katikati. Lenzi za Retrofocus hupunguza tatizo hili. Huonekana zaidi katika filamu ya slaidi, ambayo haivumilii makosa ya mwanga kama ifanyavyo filamu ya negativu.

## Kifungio

Kifungio ni sehemu ya lenzi inayoshikana na kamera. Kila kampuni ilikuwa na chake, na kila kimoja kina umbali wake maalumu kati ya uso wa kifungio na filamu:

* Nikon F: milimita 46.5
* Olympus OM: milimita 46
* M42 na Pentax K: milimita 45.46
* Canon EF: milimita 44
* Minolta SR: milimita 43.5
* Canon FD: milimita 42

Lenzi huweza kuhamishiwa kwa adapta kwenye kamera yenye umbali mfupi zaidi. Kwa mfano, lenzi ya M42 hufanya kazi kwenye kamera za filamu za Canon EOS, na kwa adapta nyembamba kwenye Pentax K. Ikiwekwa kwenye Nikon F kwa adapta isiyo na kioo, haiwezi kulenga vitu vya mbali, na kwa picha za mandhari haifai kabisa. Lenzi za Canon FD zina umbali mfupi, hivyo kwa filamu hubaki kwenye kamera za FD.

Lenzi za Nikon za kabla ya mwaka 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuharibu kamera nyingi za Nikon za baadaye. Pia lenzi inayotumiwa kwa adapta mara nyingi hupoteza uwezo wa kufunga tundu yenyewe, na mpiga picha hulazimika kulifunga kwa mkono kabla ya kupiga.

## Kukagua hali ya lenzi

Lenzi ya kawaida iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko lenzi maarufu iliyoharibika. Ukaguzi hufanywa kwa kufungua tundu lote na kumulika ndani kwa tochi kutoka upande mmoja huku ukitazamwa upande wa pili.

* Kuvu huonekana kama nyuzi au mizizi midogo juu ya kioo. Huweza kula uso wa kioo, na alama zake hubaki hata baada ya kusafishwa.
* Utando mweupe ndani ya lenzi hufifisha picha yote, hasa jua likiwa mbele.
* Mafuta kwenye vibamba vya tundu huvifanya vifunge polepole. Mwanga mwingi huingia, na filamu ya slaidi huharibika.
* Rangi ya manjano hutokana na vioo vyenye thoriamu vilivyotumika katika baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970. Mwanga wa jua au wa urujuanimno huweza kuipunguza.
* Mikwaruzo ya kioo cha nyuma ni mibaya kuliko ya kioo cha mbele. Vumbi kidogo halina madhara ya kuonekana.
* Pete ya kulengea izunguke kwa ulaini bila kulegea, na alama ya umbali usio na mwisho ilingane na kitu cha mbali sana.
* Vioo vilivyokaa upande hutokea baada ya lenzi kuanguka au kufunguliwa na fundi asiye na vifaa. Upande mmoja wa picha huwa mkali na mwingine hafifu.

Kasoro hii ya mwisho haionekani kwa tochi. Hugunduliwa kwa kupiga filamu moja ya bei nafuu kwenye ukuta wa matofali au upeo wa macho, kwa f/4, f/8 na f/11, na kulinganisha kona nne za negativu. Gharama ya filamu hiyo ni ndogo kuliko ya safari iliyoharibika.

## Vichujio na utunzaji

Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, kichujio cha manjano, cha chungwa au chekundu hutia giza anga la buluu na kuonyesha mawingu. Vichujio viwili vikipandana juu ya lenzi ya pembe pana huweza kuziba kona za picha. Kichujio cha polaraizi hutia anga giza upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu lenzi huona sehemu kubwa ya anga kwa pamoja. Lenzi za Olympus za milimita 21 f/3.5, 24 f/2.8 na 28 f/3.5 zote hutumia kichujio cha milimita 49, hivyo seti moja hutosha.

Kuvu hukua penye unyevu, giza na hewa isiyozunguka. Katika maeneo ya joto na unyevu, kama pwani ya Afrika Mashariki, lenzi haifai kuwekwa muda mrefu ndani ya mfuko wa ngozi au kabati lililofungwa. Huhifadhiwa vyema katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vijifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, na kutumiwa mara nyingi iwezekanavyo.

## Tazama pia

* Kamera
* Lenzi
* Upigaji picha